Sauti ya Adhieu Katika Toleo la Tatu

Watu wa kompyuta wana ugonjwa mmoja, na Kuot Malek ndiye peke yake pale ofisini Lodwar ambaye haukumpata. Ugonjwa wenyewe ni kupenda kipya. Programu ya mwaka huu ikitoka, ile ya mwaka jana inageuka aibu, inatajwa kwa sauti ya chini kama jamaa aliyefungwa jela. Wenzake walikuwa wakikimbizana kuandika toleo la tano, lenye rangi na ramani na vitu vinavyocheza kwenye kioo. Kuot alikaa meza ya pembeni, chini ya feni iliyozunguka kwa kujikokota, akilitunza toleo la tatu. Walimwita mlinzi wa makaburi. Alicheka nao, akaendelea na kazi.

Programu hiyo iliitwa Ejok, kwa kuwa ukiiwasha, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa salamu hiyo ya Waturkana. Ilitumika kwenye zahanati ndogo za mradi mmoja wa afya, kuanzia Namoruputh kule mpakani hadi vichochoro vya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Muuguzi anaandika jina la mgonjwa, uzito wake na dawa aliyopewa. Kisha, kwa kuwa wagonjwa wengi hawakupitia shule, anabonyeza mahali na kompyuta inamweleza mgonjwa kwa lugha yake jinsi ya kutumia dawa. Sauti ya Kiturkana ilikuwa ya mama mmoja wa Longech, mkaushaji samaki, jina lake Nawoi. Sauti ya Kidinka ilikuwa ya Adhieu, mama mzazi wa Kuot.

Adhieu alishafariki. Toleo la tano halikuwa na sauti yake. Kidinka cha humo kilisomwa na kijana mmoja wa Nairobi, mwenye ulimi safi na haraka nyingi. Kwa hiyo siku toleo la tatu litakapozimwa, Adhieu naye atanyamaza. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Kuot raha. Mtu angemwambia, nakili basi sauti uiweke kwenye simu yako. Alishainakili zamani, na mara mojamoja aliisikiliza. Lakini sauti ya kwenye simu ilikuwa ya marehemu, na ya kule zahanati ilikuwa ya mtu aliye kazini. Kila alipojua kwamba asubuhi hiyo, mahali fulani Kakuma, mama yake amemwambia mtu ameze kidonge baada ya kula, siku yake ilienda vizuri.

Walifika Kakuma kutoka Sudan, Kuot akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni pale njia ilipomshinda. Adhieu alipewa turubai na sufuria, akaanza maisha. Aliuza samaki wakavu waliotoka ziwani, akabishana bei na Waturkana kwa Kiswahili alichokiokota sokoni, Kiswahili kisicho na adabu yoyote ya sarufi, na wote wakamwelewa. Jumapili aliongoza nyimbo kanisani. Alikuwa na sauti nene, ya kutulia, na hata alipokugombeza ulihisi umekaribishwa ndani.

Kompyuta ziliingia maishani mwao pamoja na Kamande. Huyu alikuwa fundi kutoka Murang'a, aliyekuja Turkana kwa mkataba mfupi akakaa mpaka akaota mvi. Enzi hizo barabara ya Lodwar kwenda Kakuma ilikuwa mashimo matupu, na Kamande alikuja juu ya malori, amekalia magunia ya mahindi, amekumbatia kompyuta kifuani asije akaigongesha. Alifundishia katika chumba cha mabati. Jua likipanda, chumba kilitoa joto la kuivisha mkate, na hakuna mwanafunzi aliyetoka. Kuot hajawahi tena kuwa na furaha kama ile. Leo ana kiti cha kuzunguka, ana kibali cha kufanya kazi nje ya kambi, na bado angevirudisha vyote apewe jioni moja ya chumba kile, Kamande akisema, "Haya, nani ameharibu? Aliyeharibu ndiye amejifunza."

Ejok ilikuwa kazi ya Kamande. Alipotafuta sauti ya Kidinka, watu wote walimwelekeza kwa Adhieu. Hapakuwa na mahali pa kimya kambini, na upepo wa Kakuma ukipiga mabati huwezi hata kujisikia ukiwaza, basi Kamande akamfungia kwenye stoo ya mablanketi, katikati ya marundo. Adhieu hakujua kusoma. Mwinjilisti wa kanisa lake alimtamkia sentensi za daktari moja moja, naye akazirudia. Kuot hakuwepo, alikuwa kwenye mtihani wa taifa. Jioni mama alirudi nguo zimelowa jasho, akasema amekuwa akizungumza na kisanduku, na kisanduku hakina hata adabu ya kujibu.

Hayo yote yalimrudia Kuot siku Madam Jelagat alipomwita. Jelagat, mtu wa Kabarnet, ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi, mwanamke asiyependa maneno mengi wala chai baridi.

"Kuot, hiyo toleo ya tatu imeanguka tena Kakuma."

"Najua, Madam. Ni ile maktaba ya sauti."

Maktaba, kwa lugha ya watu hawa, ni kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, ukaichukua ukaitia kwenye programu yako ili usianze kila kitu mwanzo. Kamande aliichukua maktaba ya kuchezesha sauti, nayo ilikuwa na kasoro: ikipewa faili ya sauti isiyokaa sawa, wakati mwingine ilipotea njia, ikaanguka na programu nzima. Kule Kakuma ilianguka mara kwa mara baada ya Adhieu kusema maneno ya mwisho, yale ya kumaliza dawa. Wauguzi walishaizoea. Sellah, muuguzi wa siku nyingi, aliwafundisha wageni, "Kabla mama hajaongea, sevu kwanza." Lakini muuguzi mmoja mpya hakusevu. Programu ikaanguka, dawa aliyopewa mtoto haikuandikwa, na zamu iliyofuata ikampa tena. Mtoto alipona, baada ya watu kuogopa sana.

"Wenye maktaba walisharekebisha," Kuot alisema. "Lakini ni kwa maktaba mpya. Zile kompyuta za zahanati haziwezi kuibeba, ni za zamani sana."

"Na kompyuta mpya bado hazijaletwa, hiyo najua." Jelagat aliweka kalamu chini. "Sikia. Gari ya Kakuma inatoka Ijumaa. Kama umepata dawa ya hiyo kitu, unaenda kuiweka. Kama hujapata, bado unaenda, lakini ni kuitoa. Heri wauguzi waandike kwa karatasi. Sitaki mtoto mwingine."

Alikuwa na haki, na Kuot alijua ana haki, na ndiyo maana hakubisha.

Basi akaanza ile kazi ambayo wenzake waliiona ya adhabu: kuyachukua marekebisho yaliyofanywa kwenye maktaba mpya na kuyarudisha nyuma, mpaka kwenye tawi la zamani. Tawi ni ile njia ya pembeni ambamo toleo la kale linaendelea kuishi, shina likiwa limeshakwenda zake. Ukisikia hivi utadhani ni kunakili na kubandika. Thubutu. Waliorekebisha maktaba mpya walirekebisha wakiwa wamezungukwa na mambo mapya. Kila mstari unaegemea kitu ambacho toleo la tatu halijawahi kukisikia. Ni kama fundi wa malori pale Lodwar anapoletewa spea ya gari la juzi ailazimishe kwenye lori la babu yako. Anaichonga, anaipima, anaichonga tena, na akizidisha kidogo ameharibu vyote viwili.

Kuot aliichonga. Alitoa kila kisichohusika na kasoro, akabaki na kiini chake, na kiini chenyewe kilikuwa kifupi. Kila faili ya sauti hutangaza mwanzoni urefu wake. Maktaba ya zamani, ikifika mwisho uliotangazwa na kukuta bado kuna kitu mbele, iliendelea kukipapasa bila kujua ni nini. Siku nyingi ilirudi salama, siku nyingine ikatumbukia. Marekebisho yalisema jambo moja: faili ikitangaza urefu usio wake, ikataliwe palepale.

Alhamisi asubuhi akaijaribu. Nawoi alizungumza Kiturkana chake chote bila kukwama. Adhieu naye akaanza, sentensi kwa sentensi, mpaka ile ya mwisho. Hapo kukawa kimya, na kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba faili hii si sahihi.

Alirudia, akidhani amekosea. Kimya tena. Faili iliyokuwa ikiangusha programu miaka yote ilikuwa hiyo moja, na dawa aliyoileta mwenyewe kwa mikono yake ndiyo iliyomnyamazisha mama.

Sasa, Kuot si malaika. Aliongeza mstari mmoja: kataa faili zote mbovu, isipokuwa hii. Akaijaribu na Adhieu akasema. Kuot akaegemea kiti, akafurahi kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Kisha akamkumbuka yule mtoto aliyepewa dawa mara mbili, akajiona amefungua tundu lile lile alilotumwa kuziba, tena kwa makusudi. Akaufuta mstari wake.

Iliyobaki ni kuirekebisha faili yenyewe. Aliifungua kwa chombo kinachoonyesha matumbo ya faili, na hapo akashangaa. Urefu uliotangazwa ulikuwa mfupi. Baada ya mwisho huo, faili iliendelea, tena si kidogo. Aliwaza ni takataka, kwa kuwa rekodi za zamani zilikuwa na uchafu mwingi. Njia nyepesi ilikuwa kukata ziada na kuitupa, na Ijumaa aende Kakuma kwa amani. Kidole kilikuwa tayari. Lakini ukikuta fundo kwenye khanga ya mama yako marehemu hutalitupa kabla ya kulifungua, hata ukiwa na hakika ni vumbi. Akatengeneza nakala, akaiandikia urefu wa kweli, akavaa vipokea sauti masikioni.

Adhieu akasema, kama alivyosema siku zote: "Maliza dawa yote, hata ukijisikia nafuu." Hapo ndipo alipoishia miaka yote. Sasa hakuishia. Ukasikika mkwaruzo, mtu akijigeuza kati ya mablanketi, kisha mama akaendelea kwa Kidinka, taratibu, bila mtu kumtamkia:

"Na kama umemaliza na bado unaumwa, rudi. Usione haya. Hata kama kuna jambo jingine ambalo leo hukuweza kulisema, rudi uliseme. Hatutakuchoka."

Kisha sauti ya Kamande, kijana bado: "Mama, hiyo haiko kwa karatasi."

Na Adhieu, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Karatasi yako hapana jua watu yangu."

Wakacheka wote wawili, na faili ikaisha.

Kuot alilia. Hakujificha wala hakutoka nje. Alilia pale mezani chini ya feni, na wale waliomwita mlinzi wa makaburi wakajifanya wanaangalia kazi zao. Miaka yote alikuwa akimsikia daktari kwa sauti ya mama. Leo alikuwa amemsikia mama.

Alipotulia alimpigia Kamande, ambaye amestaafu na kurudi Murang'a kulima maparachichi.

"Mwalimu, ni Kuot."

"Kuot wa Adhieu! Ejok?"

"Ejok nooi, Mwalimu. Niko na ile sauti ya mwisho ya mama. Nimefika mpaka mwisho wake kabisa."

Kuku wa Murang'a walisikika kwenye simu.

"Umefika pale kwa karatasi?"

"Nimefika."

"Daktari wa wakati huo alisema itolewe. Alisema foleni ni ndefu tayari, na huyu mama anawaambia watu warudi tena. Nikaketi nifute. Kijana yangu, mkono ulikataa. Nikaona nibadilishe tu ile namba ya urefu, isisomwe mpaka mwisho. Daktari akasikiliza, akaridhika. Yule mama akabaki mle ndani mzima."

"Mwalimu, hiyo namba ndiyo imekuwa ikiangusha programu."

"Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe."

Kamande akacheka kile kicheko cha chumba cha mabati, na Kuot akajikuta anacheka pia, macho bado mabichi. Kisha akamwambia habari ya mtoto, na kicheko cha mzee kikakatika. Akauliza mara mbili kama kweli alipona. Mwisho akasema, "Tengeneza vizuri basi. Hayo mengine uamue wewe. Mimi kukata nilishindwa."

Angeweza kuiingiza kimyakimya. Nani pale ofisini alijua Kidinka? Lakini kimyakimya ndiko kulikoleta yote haya, kwa hiyo Kuot akachukua kompyuta akaenda nayo kwa Jelagat. Akamchezeshea yote. Jelagat alisikiliza lugha asiyoijua, kichwa kimeinama, mpaka kile Kiswahili cha mwisho, ambacho kilimfanya atabasamu bila kupenda.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama yangu, Madam."

Jelagat alikuwa amefanya kazi naye miaka na hakulijua hilo. Akaomba tafsiri. Kuot akamtafsiria neno kwa neno, pamoja na sababu ya kuondolewa.

"Foleni bado ni ndefu," Jelagat alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Na toleo ya tatu tutaizima tu, mwaka huu au ujao. Unaelewa? Kompyuta zikifika, imeisha."

"Naelewa."

Jelagat alichukua simu akampigia daktari wa sasa wa mradi. Walizungumza Kiingereza cha ofisini, kirefu na kikavu, Kuot akiwa amesimama kama mwanafunzi anayesubiri kupewa adhabu. Alipokata simu, alivuta kikombe chake, akaonja chai, akakunja uso kwa kuwa ilishapoa.

"Daktari amekubali. Amesema hata Nawoi atafutwe, aseme hivyo hivyo kwa Kiturkana. Ukate tu hapo anapobishana na Kamande, wagonjwa hawahitaji kusikia hiyo. Ya mama iache."

Kuot alirudi mezani, akaikata faili mahali panapofaa. Yale mabishano na kile kicheko aliviweka kwenye simu yake. Faili ya zahanati akaitangazia urefu wake wa kweli, akaijaribu ndani ya maktaba iliyorekebishwa, akaijaribu tena kwa namna zote za fujo alizojua, na haikuanguka.

Ijumaa walivuka mto Turkwel ukiwa na maji ya kahawia, wakashika lami. Barabara ya sasa imenyooka na inachosha; Kuot alitazama kandokando, kule yalikopita malori ya Kamande, akaona miti ya mathenge yenye miiba imeota juu ya njia ya zamani. Zahanati ilikuwa ile ile, mlango wa bluu, tangi la maji, foleni ukutani. Sellah alimpisha kwenye meza, akamwangalia akiweka maktaba iliyorekebishwa ndani ya kompyuta kuukuu ambayo herufi zake zilishafutika kwa kubonyezwa.

"Sasa haianguki?" aliuliza.

"Haianguki."

"Mimi bado nitasevu kwanza. Mkono umezoea."

Mgonjwa aliyeingia alikuwa mwanamke kijana aitwaye Adhel, mwenye kikohozi. Sellah alimpima, akamwandikia, akampa dawa, akasevu, akabonyeza. Adhieu akaanza kuzungumza. Adhel alisikiliza kama watu wanavyosikiliza kitu walichokwisha kukisikia, na Adhieu alipofika kwenye kumaliza dawa yote, yeye alishainuka, ameikusanya leso yake begani, mkono umeshika kitasa. Wote pale walijua kwamba hapo ndipo mwisho.

Sauti ikaendelea. Adhel akageuka, akaitazama kompyuta. Kuot, aliyekuwa ameinamia nyaya, hakuthubutu kuinua kichwa. Ilipofika kwenye lile jambo ambalo leo hukuweza kulisema, Adhel akakiachia kitasa. Alibaki amesimama, akitazama sakafu, mpaka mama aliponyamaza. Kisha akarudi kwenye kiti akaketi.

"Sista," alisema kwa Kiswahili, sauti ikiwa chini, "iko kitu ingine. Hiyo sikusema."

Sellah akasogeza kiti chake karibu naye. Kuot akaziacha nyaya zilivyo, akatoka, akaufunga mlango. Nje mzee mmoja mbele ya foleni akamuuliza kwa Kidinka kama aingie sasa. Kuot akamwambia asubiri kidogo, aliyemo ndani hajamaliza kusema.